Nafsi ya Tatu, Umoja

Insha imerudi na miduara kumi na minne ya wino mwekundu.
Nimeihesabu nikiwa nimekaa kwenye ngazi za bweni,
upepo wa Juni ukininyang'anya karatasi,
vumbi nalo likitaka kusoma.

Mada ilikuwa nyepesi: mtu ninayemfahamu.
Nikamwandika mama.
Nikamwandika mpogoaji wa mizabibu kule Hombolo,
mkasi mfuko wa kulia, kipande cha muhogo mfuko wa kushoto,
anayekata tawi bila kuliomba radhi
kwa kuwa, anasema, tawi lililodekezwa huzaa majani.

Na kila alipotokea nikamwita "hi".
Hi anaamka nyota zikiwapo.
Hi anafunga kanga kiunoni.
Hi alinizaa mwaka wa njaa.
Hi alipanda paani usiku, mvua ikipiga,
akakalia bati mpaka kukapambazuka
ili lisiende na upepo.

Dokta Chidumizi kazungushia wote,
na pembeni, kwa mwandiko wa mtu mwenye insha mia mbili mezani:
"Nyemo, mama yako ni mwanamume?"

Aliisoma kwa sauti. Ukumbi ukacheka.
Nami nikacheka,
kicheko cha aliyekanyagwa kidole kwenye foleni
na hataki kupoteza nafasi.

Hakukosea. Sarufi ni sarufi.
Ila mimi nimekulia ndani ya "yeye",
chumba kisicho na mlango wa kike wala wa kiume:
unaingia, unasogezewa kigoda, unaulizwa habari za utokako.
Sasa nimefika kwenye lugha yenye bawabu.
Kabla mtu hajaketi, anakaguliwa.

Usiku ni irabu. Tunafunga dirisha, mimi na Nsia,
tusije tukasikiwa na watu wa uhasibu.
Bumu halijatoka; desa la fonolojia tumelikopa
kwa kijana wa stashenari, elfu mbili, na jina letu liko ukutani.
Kiingereza kinatenganisha meli na kondoo
kwa pumzi moja tu, fupi au ndefu.
Dodoma haina meli. Kondoo wanapita hapo nyuma ya uzio.
Tunatamka kondoo, inatoka meli.
Tunatamka tena.
Meli.
Nsia anasema tukifeli tutakuwa mabaharia.

Lakini Jumatano!
Jumatano ni sintaksia. Mhadhiri anachora sentensi kama mti,
shina juu, matawi yananing'inia,
na darasa zima linapinda shingo.
Mimi sipindi. Huu naujua.
Hivi ndivyo mzabibu unavyolala juu ya waya,
na vishada vikitazama ardhi.
Naujua hata nikiwa na usingizi:
hapa pamebeba, hapa ni majani, hapa pakatwe.
Siku hiyo nilinyoosha mkono mara tatu
na hakuna aliyecheka.

Jioni nikapiga simu.
"Mama, nimekuita mwanamume mara kumi na nne."
Kimya. Nikausikia mkasi: kacha. Kacha.
"Kumi na nne tu?"
Kisha, kabla sijajua kama anatania:
"Sahihisha. Ada si majani."

Nimesahihisha.
Nyota, "shi". Kanga, "shi". Njaa, "shi",
taratibu, kama mtu anayeokota mchanga kwenye mchele.
Kumi na tatu.

Ule mduara wa paani nimeuacha.
Si kwa ubishi, Dokta.
Nimejaribu kuandika lile neno sahihi pale,
kwenye mvua ile, juu ya bati lile,
na kila nikiliandika namwona nusu mtu
amekaa juu, nusu nyingine imebaki chini
inashika ngazi.

Alama moja. Ikate.
Ninatoka kwa watu wanaojua kukatwa.